Mkono wa Mtu

Shangazi yangu alikuwa mkunga wa kijijini, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, zamani kidogo, wakati wanawake wengi walikuwa bado wanajifungulia majumbani. Alipokwenda kumjulia hali mzazi hakuuliza mtoto kamshabihi nani wala atapewa jina gani. Alinawa mikono, akaketi mkekani, akampakata mtoto, kisha akauliza swali lake moja: “Mama kajifungua, alhamdulillahi. Na huyu naye, kafungua?”

Wageni walicheka, wasichana wakatazamana. Yeye hakuwa na mzaha. Alitaka kujua kama mtoto amepata choo, kile choo cha kwanza, cheusi, kinachonata kama lami iliyopigwa jua. Akiambiwa bado, aliuliza mtoto kazaliwa saa ngapi, akaanza kuhesabu kwa vidole. Hesabu ikifika siku nzima, vicheko vilikoma.

Niliishi miaka mingi nikidhani lile swali ni utani wa kizee. Baadaye ndipo nilipoona jinsi Kiswahili kilivyomsaidia kulitunga. Mwanamke anapozaa tunasema kajifungua. Mtu asiyepata haja kubwa tunasema kafunga choo. Mzizi ni mmoja, kana kwamba lugha ilijua toka zamani kwamba mtu hufunguliwa mara mbili ndipo akawa mzima: kwanza yeye hutoka, halafu yeye mwenyewe hutoa. Madaktari wana hesabu yao ya jambo hilohilo. Karibu watoto wote waliotimiza miezi tumboni hupata choo hicho ndani ya saa 48, na walio wengi hawafiki hata 24. Shangazi hakuijua hesabu hiyo kwa tarakimu. Aliijua kwa vidole, na sababu ya kuijua nitaisema.

Wapo watoto ambao hawafungui. Wengine huonekana mara tu wanapozaliwa: mkunga anamgeuza mtoto amfute, anakuta pale panapotakiwa kuwa na tundu pamefunikwa ngozi tupu. Watu husema “kazaliwa hana njia.” Wengine tundu lipo, lakini huko ndani utumbo umekatika, ncha mbili zimetazamana kama daraja lililochukuliwa na maji. Wengine utumbo wote upo, umeunganika toka mwanzo hadi mwisho, ila sehemu ya mwisho haina uhai wa kusukuma. Na kuna wale ambao matumbo yao yamebaki nje kabisa, yametokea kando ya kitovu, yanang’aa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi.

Kila moja ya hali hizi ni nadra. Kuzaliwa bila njia humpata mtoto mmoja katika 5,000 hivi, na ule utumbo usiosukuma ni karibu kiasi hichohicho. Kwa wilaya ya Mafia, iliyokuwa na watu 66,180 katika sensa ya 2022, maana yake ni kwamba ukizijumlisha zote unampata mtoto mmoja kwa mwaka, pengine wawili, na pengine mwaka unapita hivihivi. Nadra hii ni msiba wa peke yake. Malaria ina mabango na semina. Mtoto asiye na njia hana bango. Muuguzi anaweza kufanya kazi miaka mitano bila kumwona, na siku anapomwona ni saa nane za usiku na tochi ya simu.

Tunapouliza kwa nini, jibu huanzia mbali kuliko tunavyodhani. Katika wiki ya sita ya mimba utumbo hurefuka upesi kuliko tumbo linavyokua. Nyumba haitoshi. Basi utumbo hutoka, ukaingia ndani ya kitovu, ukakaa huko wiki kadhaa ukijizungusha, na kufika wiki ya kumi hurudi ndani ukiwa umezunguka nyuzi 270. Pwani hatumwulizi mtu alikozaliwa, tunamwuliza kitovu chake kimezikwa wapi. Kabla hakijazikwa popote, kitovu hicho kilikwisha kuwa nyumba ya matumbo yetu. Kila mmoja wetu, mwenye mali na maskini, utumbo wake uliwahi kuwa ugenini ukarejea. Usiporejea, mtoto huzaliwa nao ungali ndani ya kitovu. Ukirejea usikae mahali pake, siku yoyote waweza kujisokota kama kamba ya nanga, ukaikata damu yake wenyewe.

Na ule utumbo uliokatika ncha mbili? Kwa muda mrefu waganga wa Ulaya walidhani kwamba utumbo huanza ukiwa mzibe kisha ukatobolewa ndani, na kwamba kwa watoto hawa kazi ya kutoboa haikumalizika. Mwaka 1955, huko Cape Town, madaktari wawili, J. H. Louw na Christiaan Barnard, walionyesha jambo jingine. Walimfungua mbwa mwenye mimba, wakafunga mshipa mdogo wa damu unaolisha utumbo wa mtoto aliye tumboni, wakamrudisha. Alipozaliwa, utumbo ulikuwa umekatika palepale. Kwa hiyo ulikuwepo, ulikuwa mzima, kisha damu ikasimama mahali fulani, siku fulani, na kipande kikafa kimyakimya ndani ya maji ya uzazi. Barnard ndiye yule aliyepandikiza moyo wa mtu mwaka 1967 na dunia ikamwimba. Kwa utumbo hakuna aliyemwimba. Moyo una bahati yake kwa washairi.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ya wanawake. Mtoto akizaliwa na kasoro, macho yote humgeukia mama. Alikula nini? Alipita wapi magharibi? Nani alimtazama tumbo kwa jicho baya? Mwiko gani aliuvunja? Mkwewe anakumbuka kwamba mwezi wa nne wa mimba alikataa kuvaa hirizi. Na mama, ambaye bado anavuja damu na maziwa yanamjaa bila mnyonyaji, anaanza naye kujikagua siku baada ya siku, akitafuta kosa alilolifanya kwa mikono yake. Mshipa wa damu uliosimama hauna habari na hayo yote. Hakula kitu. Hakupita mahali.

Ndipo hapo nilipojifunza kuiheshimu kauli niliyokuwa naidharau ujanani: kazi ya Mungu haina makosa. Nilikuwa naiona kauli ya watu waliochoka kufikiri. Siku hizi naiona ngao. Mzee mmoja akiisema matangani kwa sauti, masengenyo hunyamaza walau mpaka jioni. Mama anaambiwa, bila kutajwa jina, kwamba kesi yake imeshahukumiwa na Mkubwa kuliko mawifi zake, na ameachiwa.

Kiswahili kinatutegea mtego mwingine hapo. Neno letu la “maana” lina mizigo miwili. Linamaanisha fasiri, na linamaanisha thamani. Mtu asiye na maana si fumbo lililokosa jibu, ni mtu wa hovyo. Kwa hiyo mama anapouliza, “Maana yake nini, siku tatu tu halafu anakwenda?” nasi tukamjibu kisomi kwamba tukio hili halina maana, ni mshipa uliosimama tu, yeye anasikia tumemtukana mwanawe. Na ana haki ya kusikia hivyo, kwa sababu lugha yake ndivyo inavyosema. Tukikimbilia upande wa pili, tukamtafutia maana kwa nguvu, kwamba mtoto huyu ameletwa ili kukufundisha subira, ili kuwakutanisha wewe na mumeo, basi tumemgeuza mtoto kuwa barua: alitumwa, akasomwa, akachanwa. Mimi naona kukatika kwa utumbo wake hakukukusudia kitu. Yeye lakini ni mtoto wa maana, mwenye maana, hata kama angaliishi saa moja. Najua Kiswahili hakifurahii kulitenganisha neno hilo vipande viwili. Na kilalamike.

Fikiria sasa mtoto wa mfano, amezaliwa kisiwani Jibondo usiku wa kuamkia Jumanne. Nasema wa mfano kwa kuwa sitaki kumchukua mtoto wa mtu. Alilia vizuri, akaadhiniwa sikioni, akanyonya. Jumanne mchana hakupata choo, na hakuna aliyeuliza. Usiku akacheua. Jumatano asubuhi alichokicheua kilikuwa cha kijani, kama maji ya kisamvu. Hiyo ni nyongo. Mtoto mchanga akitapika nyongo, popote duniani, daktari wa upasuaji wa watoto huacha alichokuwa akikifanya. Jibondo bibi mmoja alisema ni chango, mtoto akapewa kijiko cha dawa ya mizizi. Tumbo likaendelea kutuna.

Ndani, mambo yanakwenda hivi. Utumbo uliozibwa hujaa. Ukijaa hutanuka, ukitanuka ukuta wake huwa mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na damu haipiti sawasawa kwenye ukuta uliovutwa namna hiyo. Mahali pamoja panageuka rangi, panakuwa peusi, kisha panatoboka. Choo na hewa vinaingia pale pasipo pake, na vijidudu pamoja navyo. Kuanzia dakika hiyo mtoto anapigana na sumu mwilini mwote. Kwa watoto njiti hali hii huweza kuja hata bila kizuizi chochote: ngozi ya ndani ya utumbo yenyewe hufa, na mojawapo ya kinga bora zinazojulikana ni maziwa ya mama.

Jambo la kutisha ni kwamba mtoto aliyefika hapo hunyamaza. Alilia usiku kucha, sasa katulia, na nyumba nzima inashukuru.

Jumatano jioni wanaamua kuvuka. Na hapa lazima niseme habari ya bahari, kwa kuwa asiyekaa Mafia hudhani maji ni maji. Bahari yetu ina saa zake. Kuna kujaa na kupwa, kuna bamvua ambapo maji hukimbia mbali mpaka boti zikalala ubavu juu ya matope, na kuna miezi ya kusi ambapo hata manahodha wazee husimama ufukweni wakitazama tu. Boti inawavusha hadi Utende. Kutoka Utende ni kilomita kama 14 za barabara nzuri hadi Kilindoni, hospitali ya wilaya. Pale anatazamwa, anapigwa picha, inaandikwa rufaa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kivuko cha kwenda Nyamisati, bara, kimeshaondoka. Kesho basi. Kivuko kitakachovuka kesho kitachukua saa kadhaa, kisha kuna barabara ya Nyamisati hadi kuitafuta lami ya Kilwa, kisha Mkuranga, kisha foleni ya Mbagala, ambayo nayo ina bamvua lake. Ndege ndogo huruka kutoka Kilindoni hadi Dar es Salaam kwa nusu saa hivi. Msimu wa papa potwe, toka Oktoba hadi Machi, hujaa wageni waliokuja kuogelea na yule samaki mkubwa mpole. Siwalaumu, nami ningekuja. Natazama tu jinsi nusu saa na siku nzima zinavyoanzia katika mji mmoja.

Mtoto anafika Muhimbili Alhamisi usiku, au hafiki.

Matangani tutasema nini? Tutasema ileile: kazi ya Mungu haina makosa. Na hapa ndipo ninapokwama. Kauli iliyomkinga mama dhidi ya mawifi zake, palepale, kwa pumzi ileile, imeikinga ratiba ya kivuko. Imelikinga swali ambalo halikuulizwa Jumanne mchana. Ngao ni moja, na waliojificha nyuma yake ni wawili: mmoja hana kosa, mwingine sina hakika naye.

Wazee wetu walikuwa na njia ya kulipambanua hili, nasi tumeitumia vibaya. Pwani ugonjwa ni wa namna mbili. Kuna ugonjwa wa Mungu, na kuna mkono wa mtu. Wa Mungu unapelekwa hospitali, wa mkono wa mtu unapelekwa kwa mganga, asome nani kautuma. Tunacheka ushirikina huo tukiwa mjini, lakini kanuni iliyo chini yake ina akili: si kila linalotuua limetoka juu, na haifai kumsingizia Mungu kazi za wanadamu. Kosa letu lilikuwa katika kumtafuta mwenye mkono. Tulimtafuta jirani mwenye kijicho, kikongwe anayekaa peke yake. Mkono uliomchelewesha mtoto wa Jibondo hauna kijicho. Ni wa mtu aliyepanga saa za chombo akifikiria abiria na nazi. Ni wa mtu aliyepitisha bajeti bila kujua kwamba kuna watoto wasio na njia. Ni wa mtu aliyeandika “hali nzuri” kwenye kadi bila kumfunua mtoto na kumtazama mwili mzima, chini na nyuma. Hawamjui mtoto, hawamchukii. Kwa hiyo hakuna mganga awezaye kuusoma.

Shangazi aliusoma. Alikuwa mzee tayari siku aliponisimulia, nami nilikuwa nimemkera kwa kumwuliza swali lake la kufungua lilianzia wapi. Ujanani mwake aliitwa kwa mtoto wa siku mbili, tumbo limetuna, kacheua kijani. Ilikuwa usiku na kusi inavuma. Baba wa mtoto alikuwa tayari kushusha ngalawa. Shangazi akasema wasubiri kupambazuke. Alfajiri mtoto alikuwa kimya, na walipofika mjini alikwisha.

“Watu wakaniambia kazi ya Mungu haina makosa,” akasema. “Nikawaambia, ya Mungu haina. Mimi ndiye niliyesema tusubiri.”

Nikamwambia kwamba kwa zama zile hata wangevuka usiku ule mtoto huenda asingepona. Akanitazama kama mtu anayetazama kijana aliyesoma. “Huenda, mwanangu,” akasema. “Hiyo huenda ni ya Mungu. Kusubiri ni kwangu.” Kisha akaendelea kukuna nazi.

Sijasikia fasiri ya kadari nzuri kuliko hiyo, na nimewasikiliza wanazuoni wengi. Hakujitwika kifo chote, na ungekuwa ujeuri kama angelijitwika. Alichukua kipande chake tu, akakipima, akakibeba miaka arobaini, kikamfanya awe mtu anayehesabu vidole kwenye mkeka wa kila mzazi.

Kuna ugonjwa mmoja katika jamii hii ya magonjwa ambao historia yake imenisaidia kufikiri. Mwaka 1886 huko Berlin, Harald Hirschsprung, daktari wa watoto kutoka Copenhagen, alieleza habari za watoto wawili waliokufa matumbo yao makubwa yakiwa yamefura kupita kiasi. Ugonjwa ukapewa jina lake. Kwa miaka mingi madaktari walipigana nao pale walipoona tatizo: sehemu iliyofura. Waliikata. Watoto waliendelea kuumwa na kufa. Chini ya pale palipofura kulikuwa na kipande chembamba cha utumbo, kitulivu, kinachoonekana kizima, wakakiacha. Wapo waliokwisha kuona kwa darubini kwamba kipande hicho hakina chembe za neva, hawakusikilizwa. Mwaka 1948, Orvar Swenson wa Boston alikiondoa kile chembamba akaunganisha kilichofura, na watoto wakapona. Iliyofura ndiyo iliyokuwa nzima. Ilifura kwa kusukuma, ikisukuma dhidi ya mwenzake asiyesogea.

Nikiipita wodi ya wazazi ya wilaya yoyote, nikaona muuguzi mmoja na vitanda vilivyojaa, mama wawili wawili, makelele, jasho, rufaa zinazoandikwa kwa kalamu inayokauka, watu husema hapa ndipo penye tatizo. Magazeti hupiga picha hapo. Viongozi hufoka hapo. Nami humkumbuka Swenson. Panapofura ni pale panaposukuma. Kipande kisicho na neva kiko mbali kidogo, chembamba, kitulivu, faili zake zimepangwa vizuri, na hakuna anayekishuku kwa sababu hakitoi sauti.

Kama mtu bado anataka kunishawishi kwamba yote ni ya Mungu, namwomba anisaidie jambo moja. Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia watoto 3,849 waliozaliwa na kasoro za tumbo na njia ya chakula, katika hospitali 264 za nchi 74. Katika nchi tajiri walikufa asilimia 5.6. Katika nchi za kati asilimia 20.4. Katika nchi maskini asilimia 39.8. Utumbo wa mtoto wa Stockholm huzunguka nyuzi zilezile 270, na mshipa wake husimama kwa bahati mbaya ileile. Mungu wa huko na wa Kilindoni ni mmoja, hilo ndilo tunalolishuhudia mara tano kwa siku. Basi ile tofauti kati ya namba hizo tumwandikie nani? Ile 5.6 ipo kila mahali, hata kwenye pesa na mashine, nami naikubali kwa unyonge, naiita kazi ya Mungu bila kigugumizi. Inayozidi hapo ina alama za vidole.

Najua kuna atakayesema hatuwezi kuweka bingwa wa upasuaji wa watoto kila kisiwa. Kweli, na hakuna aliyeomba hivyo. Ukikaa na watu wa kazi hiyo utashangaa jinsi wanavyoomba vitu vidogo. Mtoto afunuliwe na kutazamwa mwili mzima siku anayozaliwa. Mama aulizwe habari za choo na rangi ya matapishi kabla hajaruhusiwa. Akishukiwa, apitishiwe mpira mwembamba puani hadi tumboni, uvute hewa na nyongo, ili tumbo lisiendelee kujaa njiani. Apewe dripu na antibayotiki, afungwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, asipoe. Aliyezaliwa matumbo nje afunikwe kwa mfuko safi wa plastiki, matumbo yasikauke. Simu ipigwe mbele, wanaompokea wajue anakuja. Namba ipo: 115, bure, ya mpango wa m-mama ulioanzia Kanda ya Ziwa na kutangazwa kuenea nchi nzima mwaka 2022, kwa ajili ya usafiri wa dharura wa wazazi na wachanga. Ni jambo jema, na nimeona linavyookoa watu. Ila simu haivuti maji yaliyokupwa. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotua Mafia, hata jabali la nahodha lisingevuka, na aliyekufa usiku ule kwa kukosa chombo sina neno juu yake (ingawa siku hizi hata vimbunga watu wameanza kuvikagua mikono). Siku za namna ile ni chache mno. Nyingine nyingi bahari ilikuwa tayari kuvukwa, chombo ndicho kilichokuwa hakipo.

Kwa fikihi ya Imamu Shafii, tunayoifuata huku, mtoto akizaliwa akalia hata mara moja, akifa anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa kama sheikh. Sauti moja inatosha. Hakuna anayeuliza alikuwa na faida gani, alikuwa na umri gani, njia yake ilikuwepo au haikuwepo. Wanaume wazima wanasimama safu nyuma ya kifurushi kisichofika urefu wa mkono, wanamwombea. Nimesimama katika safu hiyo. Huwa inakuwa swala fupi, haina rukuu wala sijida, na mara zote nimeona ni fupi kuliko ninavyohitaji. Huko ndiko nilikopata jibu la neno “maana,” kama ni jibu: sheria ilikwisha kumpa uzito kamili kabla sisi hatujakaa kumfasiri. Ajabu ni kwamba kaburini tunamhesabu mtu mzima, na katika mipango yetu tunamhesabu sehemu ndogo ya asilimia.

Mara ya mwisho nilipovuka kutoka Nyamisati, alikuwamo mama mmoja kijana anarudi nyumbani na mtoto wa miezi kama miwili. Aliketi pembeni, upande wa upepo, nikaelewa baadaye kwa nini. Mtoto alizaliwa hana njia. Watoto wa namna hii mara nyingi hufanyiwa upasuaji wa awamu tatu: kwanza utumbo hutolewa kando ya tumbo apate pa kutolea choo, miezi ikipita hutengenezwa njia yenyewe, mwisho lile tundu la kando hufungwa. Huyu alikuwa amemaliza awamu ya kwanza. Awamu tatu ni safari sita juu ya maji haya. Mifuko ya kupachika hana, au ilikwisha. Alikuwa amechana kanga ya zamani vipande vipande, amevifua, amevikunja mraba mraba ndani ya kikapu cha ukindu, kama mtu aliyebeba leso za harusi.

Katikati ya mkondo harufu ikatoka. Abiria wawili walihama. Mama akainamisha kichwa, akaanza kumfungua mtoto chini ya mtandio, haraka haraka, kwa haya. Bibi mmoja aliyekuwa amelala juu ya gunia la mchele akainuka, akajisogeza mpaka wakagusana mabega, akatandaza ushungi wake kuwazibia upepo.

“Kimetoka?” akauliza.

“Kimetoka, bibi. Samahani.”

“Samahani ya nini? Rangi gani?”

Mama akanyanyua kitambaa kidogo, wakatazama pamoja.

“Njano.”

“Kingi?”

“Kingi.”

“Haya,” bibi akasema, akanyoosha mkono kuelekea kikapuni. “Nipe hicho kingine, nikushikie.”